TAHARIRI: AJALI HII INA KINGA



Mavuno yameiva. Alizeti imekauka shambani, mahindi yanapukuchuliwa, na mlango wa ghala letu unafunguliwa kabla jogoo hajamaliza kuwika. Yako mengi yanayozungumzwa barazani siku hizi, na mengi yanaweza kungoja Mkutano Mkuu. Hili moja haliwezi kungoja: namna tunavyolifunga tela la chama nyuma ya magari ya wenzetu na kulipeleka barabarani.

Tela hili limetufaa, hakuna anayebisha. Kabla yake ilikuwa ni mkokoteni wa ng'ombe, au baiskeli yenye gunia moja, au kumpigia magoti mwenye lori. Wenzetu wachache wenye magari madogo ya nyumbani wakajitolea kulivuta. Gari lile lile linalopeleka watoto kliniki na bibi kanisani au msikitini, leo linavuta magunia ya ushirika. Tunawashukuru kwa moyo wote. Lakini shukrani isitufumbe macho.

Magari haya yalikuja nchini yakiwa yameshatumika Japani. Huko ni nadra gari dogo la familia kuvuta tela. Basi mengi hufika kwetu hayana chuma cha kuvutia, wala soketi ya kupeleka umeme kwenye tela. Kila kitu kinafungwa hapa hapa, chini ya mwembe, na kila fundi ana akili yake. Na nini kimefanyika? Tumeona chuma kimechomelewa kwenye bampa. Tumeona tela limefungwa kwa kamba ya katani na waya wa kufungia matofali. Na jioni tumeona kijana ameketishwa juu ya magunia, ameshika simu, tochi inawaka. Eti yeye ndiye taa ya nyuma!

Jamani, kijana si balbu. Akisinzia, taa imezimika. Tela likiruka shimo, taa imeanguka barabarani na kichwa chake.

Msimu uliopita mwenzetu wa bodaboda alikuwa anamrudisha mama mmoja kutoka kliniki, saa moja usiku. Akaligonga tela kwa nyuma pale kwenye mtelemko wa mtoni. Hakuwa amelewa wala hakuwa anakimbia. Hakuliona tu. Mama alivunjika mguu, na shamba lake likalimwa na majirani. Siku nyingine chuma kilikatika kwenye bampa, tela likalipita gari lililokuwa likilivuta, likaenda kulala katika mihogo ya watu. Tulicheka siku ile kwa sababu hakukuwa na mtu katika mihogo.

Baada ya mambo kama haya hakosi mtu wa kusema, "Ajali haina kinga." Tunaiheshimu methali ya wazee. Lakini wazee walikuwa wanasema juu ya yale ambayo mtu hawezi kuyaona yakija. Tela lisilo na taa tunaliona likija kila siku. Ajali hii ina kinga, na kinga yenyewe ni boliti, waya na balbu.

KUFUNGA CHUMA

Tuanze na chuma, maana taa nzuri juu ya tela lililochomoka hazimsaidii mtu.

Pikapu na lori vina chesisi, yaani mihimili miwili ya chuma kizito inayokwenda kutoka mbele hadi nyuma. Gari dogo la nyumbani kwa kawaida halina mihimili ile. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sehemu nyingine ni bati jembamba tu, na sehemu chache chini ya buti zimeongezwa nguvu. Chuma cha kuvutia lazima kishike sehemu hizo zenye nguvu, pande zote mbili, kwa boliti, na nyuma ya kila boliti kiwepo kipande cha bati nene ili boliti isichane bodi. Bampa ni pambo. Katika magari ya siku hizi ni plastiki kwa nje. Kuvutia tela kwa bampa ni sawa na kumvuta ng'ombe kwa mkia.

Boliti nazo si zote sawa. Boliti ya kazi hii ina namba 8.8 kichwani. Isiyo na namba tuiachie mlango wa banda la kuku. Zikishakazwa, zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu chuma kipya hukaa sawa kikishabeba mzigo, na nati hulegea.

Fundi akitaka kuchomelea kitu chochote karibu na gari, kwanza achomoe nyaya za betri, na asichomelee karibu na tangi la mafuta. Gari la kisasa lina vifaa vya umeme ambavyo cheche za kuchomelea huviua bila sauti. Tangi nalo likiwaka, hilo halihitaji maelezo.

Kisha tufe la chuma ambalo kikombe cha tela hulikalia. Tela letu limetengenezwa kwa tufe la milimita 50. Madukani yako pia ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Mtu atasema, tofauti ya chini ya milimita moja ina nini? Ina hili: kikombe cha milimita 50 hakifungi vizuri juu ya tufe la inchi 2, na kikombe cha inchi 2 hucheza juu ya tufe la milimita 50. Vyote viwili vinaweza kuchomoka. Tufe nalo huliwa kwa kusuguana. Likishafika milimita 49 libadilishwe. Kulipaka grisi husaidia lisiishe upesi.

Urefu kutoka ardhini hadi katikati ya tufe uwe kati ya sentimita 35 na 42, gari likiwa limepakiwa. Hapo tela hukaa sawa, halinyanyui pua wala haliinami.

Mwisho wa chuma ni mnyororo. Mnyororo uunganishe mkono wa tela na chuma kilichofungwa kwenye bodi ya gari, ili kikombe kikiruka, tela lisiende lake. Uwe na urefu wa kutosha kukata kona lakini usiburute chini. Tela lile la mihogo halikuwa na mnyororo.

UMEME WA TAA

Hapa ndipo mafundi wetu wengi hukimbilia njia ya mkato. Wanachuna waya wa taa ya nyuma ya gari, wanasokota waya wa tela juu yake, wanazungusha tepu nyeusi, basi kazi imekwisha. Leo inawaka. Mwezi ujao vumbi na unyevu vimeingia, gari lenyewe halina taa.

Tufanye hesabu ndogo. Balbu ya breki ni wati 21, na ya indiketa ni wati 21. Taa ndogo ya usiku ni wati 5. Tela likiwa na taa mbili za breki, mbili ndogo, moja ya namba na indiketa moja inayowaka, jumla ni wati 78. Kwa betri ya volti 12, huo ni umeme wa ampia 6 na nusu. Nyaya za gari dogo na swichi zake zilipimwa kwa taa za gari peke yake. Ukizibebesha na za tela, zinapata moto, fyuzi inaungua. Halafu anatokea mjanja mmoja anaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Huyo hajatengeneza taa, amewasha jiko ndani ya gari la familia.

Njia ya haki ni hii. Waya mmoja mnene utoke betri, upite kwenye fyuzi yake karibu na betri, uende nyuma hadi kwenye rilei. Nyaya za taa za gari ziziamrishe rilei tu, na rilei ndiyo ipeleke umeme kwenye tela. Kwa namna hiyo gari halielemewi, na tela likipata shoti gari linabaki na taa zake. Indiketa nazo zikianza kupepesa haraka kupita kawaida au kukataa kabisa baada ya tela kuunganishwa, ni flasha inayolalamika. Ibadilishwe kwa ile inayofaa kuvuta tela.

Soketi yetu ni ile ya matundu 7. Kila tundu lina namba, na rangi za nyaya zilizozoeleka ni hizi. Aliye na kalamu anakili:

1. Njano: indiketa ya kushoto.
2. Bluu: taa ya ukungu ya nyuma.
3. Nyeupe: ethi.
4. Kijani: indiketa ya kulia.
5. Kahawia: taa ndogo ya kulia.
6. Nyekundu: breki.
7. Nyeusi: taa ndogo ya kushoto.

Lakini tusiamini rangi kuliko macho. Tela limepita mikono mingi, na fundi aliyekosa waya wa kijani alitumia alionao. Kabla ya kuunga, kila waya upimwe kwa balbu ya kupimia.

Waya wa ethi tunausema peke yake kwa sababu ndio unaosumbua kuliko yote. Huo ndio unaorudisha umeme kwenye bodi na betri. Ukiwa na kutu au umelegea, taa za tela huanza vituko: unawasha indiketa ya kushoto, taa zote zinapepesa kwa unyonge. Ukiona hivyo usianze kununua balbu. Safisha kwanza mahali ethi iliposhikwa, kwangua rangi na kutu, kaza. Na ethi isitegemee tufe la chuma. Tufe lina grisi na linacheza, umeme unapita na kukatika. Ethi iwe na waya wake kupitia tundu la 3.

Jambo jingine la kuangalia ni balbu zenyewe. Malori makubwa mengi hutumia volti 24, gari dogo volti 12. Balbu iliyookotwa kwenye taa ya lori itawaka katika tela letu kama kibatari kinachokata roho. Anayekuja nyuma ataiona akiwa ameshafika. Balbu inunuliwe ya volti 12.

Na hata taa zikiwa nzima, reflekta ni lazima. Nyuma ziwe nyekundu, pembeni za rangi ya chungwa. Reflekta haina waya, haiungui, haihitaji fundi. Inataka kitambaa tu, maana vumbi la barabara yetu wakati wa mavuno hufunika taa na reflekta pamoja kabla ya nusu ya safari. Dereva ashuke afute. Ni kazi ya dakika mbili.

UZITO WA MZIGO

Hapa tunajua baadhi yenu mtanuna, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Tela letu halina breki zake. Breki za gari ndizo zinazosimamisha vyote viwili. Katika nchi za Ulaya, tela dogo la namna hii haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari linalovuta. Sisi barabara yetu si nzuri kuliko ya kwao, basi kipimo hicho tusikizidi. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,100 nusu yake ni kilo 550. Tela tupu tuliliweka kwenye mizani ya ghala, ni kilo 200. Zinabaki kilo 350. Hizo ni gunia tatu za mahindi za kilo 100 na debe mbili tatu juu yake. Si gunia nane! Na gunia la lumbesa tusilihesabu kuwa gunia moja, maana mizani haidanganyiki kwa kushonwa kawa. Kitabu cha gari kikitaja uzito mdogo zaidi, kitabu ndicho kifuatwe.

Magunia yapangwe usawa wa ekseli, yakisogea mbele kidogo. Mkono wa tela ukandamize tufe kwa uzito wa kati ya kilo 30 na 50. Karani wa mizani anaweza kuupima: aweke kigogo juu ya mizani, mkono ulale juu yake, asome. Mzigo ukijazwa nyuma, tela linanyanyua makalio ya gari na kuanza kuyumba kama mlevi. Likishaanza, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aachie mafuta, ashike usukani wima, mwendo upungue wenyewe.

Na mtu asipande juu ya tela kabisa, hata kwa mwendo wa kinyonga, hata awe mtoto wa mwenyekiti.

MANENO YA WAPINZANI

Tumeyasikia maneno ya upande wa pili na tunayajibu kwa adabu, kwa sababu yana uzito.

Wapo wanaosema, "Tunakwenda mchana, taa za nini?" Breki na indiketa ni taa za mchana pia. Anayekuja nyuma yako katika vumbi hazioni taa za gari, tela na magunia vimezifunika. Atajuaje kwamba unasimama, au unakata kulia? Tena safari inayoanza mchana huishia usiku. Foleni ya mizani ikiwa ndefu, saa kumi na mbili na nusu jua limezama, na kwetu giza halibishi hodi.

Wapo wanaosema, "Ni kilomita chache tu hadi ghalani." Mtelemko wa mtoni uko ndani ya kilomita hizo hizo.

Wapo wanaosema gharama ni kubwa. Hili ndilo zito zaidi. Ni kweli, chuma kilichopimwa na boliti zake, rilei, waya, soketi na ufundi vinakula fedha ambayo mwenye gari hakuipangia. Na yeye anauliza: kwa nini nitoboe gari la watoto wangu kwa ajili ya magunia ya wengine? Ana haki ya kuuliza. Asiye na gari naye anauliza: kwa nini fedha ya ushirika itengeneze gari la mtu? Naye ana haki.

Jibu letu ni kugawa kwa mujibu wa mali. Tela ni la chama, basi kila kilicho juu ya tela kilipwe na chama: taa, reflekta, waya, plagi, mnyororo, kikombe. Gari ni la mtu, basi chuma na umeme wa gari ni vyake, lakini chama kimkopeshe fedha hiyo na kuikata polepole katika malipo yake ya kubeba mizigo. Asiye na gari asione ameonewa. Magunia yale ni yake, na anayetembea pembeni ya barabara ile jioni ni mtoto wake.

TUNAPENDEKEZA

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri ilete mbele ya Mkutano Mkuu mambo haya manne:

Kwanza, mtunza ghala asipakie tela lolote ambalo halina chuma cha boliti, mnyororo, taa zinazowaka na reflekta. Awe mjomba, awe shemeji, jibu liwe lile lile.

Pili, liwepo daftari la tela. Kila safari iandikwe: dereva, idadi ya magunia, uzito, na alama kwamba indiketa, breki na taa ndogo zimejaribiwa, mtu mmoja akiwa kwenye usukani na mwingine nyuma ya tela. Mali bila daftari huisha bila habari, na roho za watu vivyo hivyo.

Tatu, mpaka kazi hiyo ikamilike, tela lisitoke baada ya saa kumi jioni. Foleni ikichelewa, mzigo ulale ghalani na mwenye mzigo alale nyumbani kwake.

Nne, kazi ya umeme ifanywe na fundi umeme wa magari, na vijana wetu wawili wakae naye wajifunze, ili waya ukikatika katikati ya mavuno tusianze kutafutana.

Tangu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, taa za chombo barabarani si hiari ya mwenye chombo. Lakini tusingoje askari wa usalama barabarani aje kutufundisha kuwapenda watoto wetu. Yeye hupita kwa zamu. Sisi tunapita barabara ile kila siku.

Wenye magari, msituelewe vibaya. Hatuwafungii kazi, tunawataka mwendelee nayo miaka mingi. Safari mbili za gunia tatu tatu ni bora kuliko safari moja ya gunia nane isiyofika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu haujengwi kwa matofali, unajengwa kwa miguu ya watu.

Mwenye hoja ya kupinga aiandike aibandike hapa ukutani chini ya karatasi hii, au aje nayo Mkutanoni. Nafasi ipo.

Ushirika ni nguvu. Nguvu bila taa ni hatari.

Kamati ya Gazeti la Ukutani